Mchoraji wa Magofu: Maneno Yaliyosemwa Siku ya Yubile



Kamati ya Yubile imeniagiza nisimame mbele yenu nisimulie khabari za mambo ya kale. Nilipouliza, Mambo gani ya kale? nilijibiwa, Yo yote utakayo, ila usipite nusu saa. Basi nimechagua khabari za mtu mmoja ambaye hakufika kwetu kamwe, wala sidhani kwamba aliwahi kuisikia lugha yetu. Alikuwa Mskoti, mwana wa mshona viatu, na jina lake David Roberts. Kazi yake ilikuwa kusafiri na kuchora majengo ya kale. Kwa nini nimemchagua yeye, mtaona mbele. Sehemu moja ya sababu ni kosa langu mwenyewe, nami nitaliungama papa hapa, kwa kuwa wengi wenu mwalijua.

Wale waliosoma shule ya misheni pamoja nami wataikumbuka picha ya Yerusalemu iliyotundikwa ukutani, juu ya ubao. Kioo chake kilikuwa na ufa, na unyevu ulikuwa umeingia ukafanya doa kama wingu juu ya kuta za mji. Mbele ya mji walichorwa watu wadogo wadogo wamevaa vilemba, wengine wameketi, wengine na ngamia zao. Sisi watoto tuliamini kwamba picha ile ilichorwa siku za Bwana Yesu mwenyewe, na mwenzangu mmoja alikuwa akimtafuta Petro kati ya wale watu. Siku moja nikapewa zamu ya kupangusa vumbi. Nikapanda juu ya kiti, nikaona maandishi madogo pembeni: jina la mtu, na mwaka 1839. Nikamwuliza mwalimu, Huyu ni nani? Akasema, Huyo ndiye aliyekaa pale akachora. Hakuongeza neno. Lakini lile neno, aliyekaa pale, halikunitoka moyoni hata leo.

Nilipokuwa mtu mzima nikatafuta khabari zake.

Roberts alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1796 katika kijiji cha Stockbridge, karibu na mji wa Edinburgh. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alikwenda kutazama wanyama wa porini walioletwa mjini kwa maonyesho, akarudi nyumbani akachukua kijiti kilichoungua motoni, akawachora simba na chui katika ukuta wa jiko uliopakwa chokaa. Mama yake hakumpiga. Picha zikizidi, alipaka chokaa tena, na mtoto akapata ukuta mpya.

Hakupelekwa chuo cha kuchora, kwa kuwa fedha haikuwapo. Aliwekwa kwa fundi wa kupaka rangi nyumba awe mwanagenzi wake, akakaa huko miaka 7. Huko alijifunza kuponda rangi na kuchanganya, na kuufanya ubao wa kawaida uonekane kama marmari. Kazi hiyo wenye elimu huidharau. Walakini mtu aliyepaka kuta kwa miaka saba ameujua ukuta. Anajua jinsi mwanga unavyoupata asubuhi na jinsi unavyouacha jioni. Nadhani Roberts hakuwahi kuusahau ujuzi huo, hata alipokuwa mtu mkubwa.

Mwaka 1816 akaajiriwa na watu wa sarakasi awachoree mapazia. Katika michezo ya Wazungu, nyuma ya wachezaji hutundikwa nguo kubwa iliyochorwa mji, au msitu, au jumba la mfalme, ili watazamaji wadhani wako huko. Kazi hii hufanywa mbio, kwa brashi kubwa, na lazima ionekane vema kwa mtu aliyeketi mbali. Akaifanya vizuri mno, akahama kutoka sarakasi kwenda katika nyumba za michezo za Glasgow na Edinburgh, na mwaka 1822 akafika London, na huko akafanya kazi pia katika nyumba iitwayo Drury Lane. Wakati wote huo alikuwa akichora pia picha zake mwenyewe kwa rangi ya mafuta, hasa makanisa ya kale. Mwaka 1824 alivuka bahari kwenda Normandy katika nchi ya Ufaransa, akalichora kanisa kuu la Rouen. Miaka 1832 na 1833 akaenda Hispania, akachora Burgos, Granada na Sevilla, na huko Sevilla kipindupindu kikamlazimisha kuondoka.

Safari hizo nazipita haraka, maana nataka tufike Misri.

Tarehe 31 Agosti 1838 aliondoka London, naye ana umri wa miaka karibu 42. Wengi wetu tukifika umri huo twasema mambo yetu yamekwisha kupangwa. Yeye alikwenda kwa gharama yake mwenyewe, pasipo kutumwa na serikali wala chama cho chote. Waingereza wengi walikuwa wamekwisha kwenda Misri kabla yake, lakini wengi wao walirudi na maneno, au na vitu walivyobandua katika kuta. Yeye alitaka kurudi na picha.

Akafika Iskanderia mwezi wa Septemba, akaenda Kairo, akakodi mashua. Kwanza ile mashua ikazamishwa kabisa mtoni, kisha ikaibuliwa, ili panya na wadudu wafe. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wasafiri. Wavuvi wetu wa hapa wakisikia hivyo watacheka, lakini wataelewa. Kisha wakapanda Mto Nili mpaka nchi ya Wanubi, hata hekalu la Abu Simbel, ambapo walifika mwezi wa Novemba. Pale Farao Ramesse wa Pili alichonga mlima wenyewe ukawa hekalu, na mbele yake sanamu nne zilizoketi, kila moja yapata mita 20 kwenda juu. Siku zile mchanga ulikuwa umefunika sehemu kubwa ya sanamu hizo. Roberts akaketi juu ya mchanga akachora.

Nataka mkumbuke jambo moja alilolikuta pale. Aliona majina ya wasafiri wa Ulaya yamekwaruzwa juu ya sanamu, na viungo vimevunjwa na watu waliotaka kuchukua kipande nyumbani kwao. Akaandika kwa hasira kwamba walioyaharibu mambo hayo si wenyeji wa nchi, bali ni ndugu zake yeye, watu waliosoma. Naliheshimu neno hilo. Ni rahisi kulaumu watu wengine.

Katika kushuka mtoni alichora karibu kila hekalu: Kisiwa cha Philae, Edfu, Karnaki, Luksori, Dendera. Alipofika tena Kairo mwezi wa Desemba alikuwa na picha zaidi ya mia. Walioivuta mashua na kuipeleka kwa makasia walikuwa watu weusi na watu wa Misri, nao mara nyingi wameonekana katika picha, wameketi chini ya nguzo ili tuone ukubwa wake. Majina yao hayakuchapwa chini ya picha. Nalitaja hili kupita tu.

Katika Kairo alitaka kuchora ndani ya misikiti, jambo ambalo Mkristo hakuruhusiwa kwa urahisi wakati ule. Wakubwa wa serikali ya Muhammad Ali wakampa ruhusa, lakini kwa sharti: avae mavazi ya Kituruki, wala asitumie ndani ya msikiti brashi iliyotengenezwa kwa nywele za nguruwe. Akanyoa ndevu zake za mashavuni, akavaa kanzu, akatafuta brashi nyingine. Sisi tunaokaa na jirani zetu Waislamu, tunaokula nao arusini na kuzika nao makaburini, twajua kwamba sharti lile halikuwa dogo. Mtu asiyeheshimu nyumba ya ibada ya mwenzake hawezi kuichora ipasavyo, maana muda wote atakuwa anataka kutoka.

Mwezi wa Februari 1839 akatoka Kairo na Waingereza wenzake wawili, na mtumishi mmoja wa Misri, na Mabedui wa kuwalinda, na ngamia 21. Wakashika njia ya wana wa Israeli: Suezi, kisha jangwa, kisha Mlima Sinai. Chini ya mlima iko monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa kwa amri ya Kaizari Justiniano katika karne ya 6. Wakati ule wageni hawakuingia kwa mlango. Watawa waliteremsha kamba kutoka katika tundu lililokuwa juu ukutani, wakamvuta mgeni kama ndoo ya kisimani. Basi Roberts naye alivutwa, akakaa huko siku chache, akachora.

Kutoka huko wakaenda Akaba, na mwezi wa Machi wakaingia Petra, mji uliochongwa katika miamba myekundu, ambao watu wa Ulaya hawakujua ulipo mpaka Mswisi Burckhardt alipoufikia mwaka 1812. Roberts alikuwa na siku tano tu. Wenyeji wa bonde hawakuwataka, walidai fedha, na usiku vitu vikaibiwa hemani. Fikirini: mji mzima mbele yako, siku tano, na roho haina amani. Mtu mwingine angezungukazunguka aone kila kitu, asichore hata kimoja. Yeye kila asubuhi alichagua mahali pamoja akaketi. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote, maana hapo ndipo unapouona ufundi wake: si mkono tu, ni kujua nini cha kuacha.

Walikusudia kwenda moja kwa moja kutoka Hebroni mpaka Yerusalemu. Wakaambiwa kwamba mji umefungwa kwa sababu ya tauni. Wakageuka, wakapita Gaza na Yafa, na njia ilipofunguliwa Roberts akaingia Yerusalemu katika Juma Kuu, siku chache kabla ya Pasaka ya tarehe 31 Machi 1839. Mkristo aliyelelewa na Biblia ya mama yake, mwana wa mshona viatu, akayaona malango yale kwa macho yake katika siku zile zile. Siku chache baadaye akafuatana na maelfu ya wahaji wa Mashariki waliokuwa wakishuka Yeriko kuoga katika Mto Yordani. Walikesha kambini, wakaondoka kabla ya mapambazuko, mienge ikiwaka mbele yao, wanawake na watoto na wazee, wengine juu ya ngamia, wengine kwa miguu. Picha ya kambi ile ipo. Ukiitazama huoni watakatifu wenye duara kichwani. Waona watu wanaopika, na hema zao, na vilima vikavu. Mimi nimewafundisha wakatekumeni wengi khabari za Yordani, na hakuna maelezo yangu yaliyowasaidia kama picha hiyo. Mzee mmoja aliitazama kitambo akasema, Kumbe ni mto kama mto.

Akachora Kanisa la Kaburi Takatifu, na pango la kuzaliwa kwa Bwana huko Bethlehemu, na Nazareti, na Bahari ya Galilaya, na Tiro na Sidoni. Mwezi wa Mei akafika Baalbek katika nchi ya Lebanoni, naye anatetemeka kwa homa kwa sababu ya mvua za njiani. Akachora hekalu kubwa la Warumi akiwa mgonjwa. Alikuwa amekusudia kwenda mbele zaidi, homa ikamzuia, akashuka Beiruti akapanda meli. Tarehe 21 Julai 1839 alifika London, baada ya miezi karibu kumi na mmoja. Katika mizigo yake zilikuwamo picha 272, na madaftari matatu yaliyojaa.

Ndugu zangu, yafaa mjue kwamba katika mwaka ule ule, Roberts akiwa njiani, Mfaransa Daguerre alitangaza huko Paris namna ya kupiga picha kwa mwanga wa jua. Yaani kalamu ya risasi ilikuwa karibu kupata mshindani wake. Vijana watasema, Basi mtu huyu alichelewa, angengoja kidogo. Nitawajibu baadaye.

Picha zikiwa sandukuni hazimfai mtu. Roberts alitaka zichapwe. Wachapishaji wengine waliogopa gharama wakakataa, hata mmoja, F. G. Moon, akakubali. Zikachapwa kwa jiwe. Ufundi wa kuchapa kwa jiwe ni huu: huchukuliwa jiwe laini la chokaa, hulainishwa sana, fundi huchora juu yake kwa chaki yenye mafuta. Kisha jiwe huloweshwa maji. Maji hukimbia mahali penye mafuta, na wino, nao wenye mafuta, hukimbia mahali penye maji. Kwa hiyo wino hushika pale tu palipochorwa, na karatasi ikibanwa juu yake hutoka picha. Mtu aliyezichora upya picha zote hizi juu ya mawe alikuwa Mbelgiji, Louis Haghe. Naye Haghe alizaliwa na mkono wa kuume usiofaa kazi. Kazi yote, karibu picha 250, aliifanya kwa mkono wa kushoto. Kazi ya kuchapa ilianza mwaka 1842 ikaisha mwaka 1849. Malkia Viktoria alikuwa wa kwanza kujiandikisha kununua.

Mwaka 1841 Roberts alikubaliwa kuwa mmoja wa wanachama kamili wa chuo cha kifalme cha wachoraji huko London, yeye ambaye hakuwahi kuwa na fedha ya kusoma katika chuo kama hicho. Akaendelea kuchora, akaenda Italia. Tarehe 25 Novemba 1864 alianguka njiani huko London, akafa siku ile ile.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Je, alichora kweli? Mara nyingi, ndiyo; wataalamu wa mambo ya kale hata leo huzitazama picha zake wajue ukuta fulani ulikuwaje kabla ya kuanguka. Lakini yule mchoraji wa mapazia hakufa ndani yake. Iko picha moja ya sanamu kubwa ya Giza, yenye uso wa mtu na mwili wa simba, upepo wa jangwani unakuja, na jua jekundu linazama. Ni picha ya kutisha na kupendeza. Walakini wanaoijua Giza husema kwamba jua haliwezi kuzama mahali pale kwa jinsi sanamu ilivyoelekea. Alilitaka jua pale, akaliweka. Picha hiyo ya rangi ya mafuta alimpa rafiki yake Charles Dickens, mwandishi wa vitabu. Na watu wake nyakati nyingine ni wadogo kupita kiasi, ili nguzo zizidi kuwa kubwa. Mimi namsamehe. Lakini nikiwafundisha watoto kwa picha zake huwaambia, Jiwe mliamini, jua mlichunguze.

Na mawe yenyewe yako wapi? Hapa ndipo nilipotaka kufika. Serikali ya Misri ilipojenga bwawa kubwa la Aswani katika miaka ya 1960, maji yalipanda juu ya nchi ya Wanubi. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande kwa misumeno kati ya mwaka 1964 na 1968, likapandishwa mita 65 juu ya mahali pake, likaunganishwa tena. Mahekalu ya Philae yalibomolewa kwa utaratibu, yakahamishiwa kisiwa cha jirani, kazi iliyofunguliwa mwaka 1980. Mataifa mengi yalichanga fedha. Hayo ni mahekalu. Lakini vijiji vya Wanubi, na mitende yao, na makaburi ya baba zao, havikukatwa kwa misumeno wala kuhamishwa. Viko chini ya maji, na makumi ya maelfu ya watu wakapelekwa kukaa kwingine. Katika picha za Roberts kingo zile bado zipo, na mashua imefungwa, na watu wameketi kivulini. Yeye hakujua kwamba anachora mahali patakapozama. Alichora tu alichokiona siku ile.

Sasa kosa langu.

Ninyi wa mtaa wetu mwalijua kanisa la kwanza, lililokuwa chini ya miembe, kabla ya hili tulimoketi. Lilijengwa kwa mawe na udongo, na baba zetu walibeba mawe yale kichwani kutoka mtoni. Paa lake lilikuwa la makuti, baadaye la bati. Lilipopata ufa, miaka ishirini na zaidi iliyopita, palifanyika mkutano. Wengine walisema litiliwe nguzo za kulitegemeza. Wengine walisema libomolewe, mawe yatumike katika msingi wa nyumba mpya. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka shule, najiona mwenye akili. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba Mungu haketi katika mawe ya kale. Maneno yangu yakapendeza watu. Likabomolewa kwa siku tatu, nami nilikuwa kati ya waliobeba mawe.

Sisemi kwamba ilikuwa dhambi kulibomoa. Huenda lingetuangukia. Nasema hivi: katika siku zile tatu, na katika juma zima kabla yake, hakuna mtu hata mmoja aliyeketi akalichora. Mimi nilikuwa na daftari, nilikuwa na kalamu ya risasi, nilikuwa nimefundishwa na picha ile ya darasani kila siku kwa miaka saba. Sikuketi.

Kamati ya Yubile ilipotaka picha ya kanisa la kwanza iwekwe mwanzoni mwa kitabu hiki, tulitafuta nyumba kwa nyumba. Tulipata picha moja tu, ya arusi. Bibi arusi amesimama mbele, mwenye furaha, na nyuma ya bega lake la kushoto imeonekana nusu ya mlango. Kwa nusu ile tumejua kwamba mlango ulikuwa na tao juu yake. Mengine yote tunabishana. Wazee watatu niliowauliza wamenipa hesabu tatu za madirisha: manne, sita, na saba. Mmoja asema altare ilielekea mlimani, mwingine asema ilielekea mtoni, na wote wawili walibatizwa humo, na sasa hawasalimiani vizuri kwa sababu ya neno hilo. Padre amejaribu kuwapatanisha, bado.

Na sasa niwajibu vijana wale wa Daguerre. Ni kweli, leo kila mtu ana simu mfukoni, na simu hiyo hupiga picha. Nimezitazama simu zenu, kwa ruhusa yenu. Nimeona nyuso zenu wenyewe, vyakula, pikipiki, mpira. Katika simu kumi na nne sikuona hata ukuta mmoja wa kanisa hili jipya kwa upande wa nyuma, ambako nako ufa umekwisha kuanza. Picha ya simu ni njema, nami nasema ipigwe. Lakini apigaye picha huondoka mara moja. Achoraye hukaa saa nzima, na katika saa hiyo hulazimika kuhesabu madirisha.

Kwa hiyo kamati imekubali ombi langu, nami nawashukuru. Kuna bibi mmoja kati yetu, amepita miaka tisini, aliyefunga ndoa katika kanisa lile na kuwabatiza watoto wake wote humo. Amesema kesho atatembea mwenyewe mpaka chini ya miembe, atuonyeshe kwa fimbo yake mahali pa mlango, mahali pa altare, na mahali pa birika la ubatizo. Na fundi wetu ataweka vigingi hapo anapoonyesha. Wale wazee wawili wa mlima na mto wamealikwa pia, wakae upande mmoja. Wanafunzi watachora. Kalamu za risasi zimenunuliwa, ziko kwa mama mtunza stoo, na kila mtoto achukue moja. Njoni mara baada ya misa ya kwanza, maana bibi hawezi jua kali.